Kupima kama kemikali inaumiza jicho bila kutumia mnyama aliye hai: mwongozo kwa maabara ndogo ya Malindi

Anayetengeneza sabuni ya maji, shampuu, wanja au dawa ya kusafishia vyoo hapa Malindi hana budi kujibu swali moja kabla bidhaa yake haijafika dukani: ikimrukia mtu jichoni, itamfanya nini? Kwa miongo mingi jibu lilitafutwa katika jicho la sungura. Mwaka 1944 mtaalamu wa Marekani John Draize na wenzake walieleza kipimo ambacho mililita 0.1 ya kemikali hutiwa katika jicho moja la sungura aliye hai, jicho la pili likiachwa kwa ajili ya kulinganishia, na baadaye madhara yalikuja kufuatiliwa hadi siku 21. Ukatili wake uko wazi, lakini hata ukiuweka kando, kipimo hicho hakikuwa hakimu mzuri, kwani alama zilitolewa kwa kutazama tu, maabara mbili ziliweza kutofautiana juu ya kemikali ile ile, na sungura, ambaye hupepesa macho kwa nadra na ana kope ya tatu, si kipimo halisi cha jicho la binadamu. Umoja wa Ulaya ulikamilisha mwaka 2013 marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na anayetaka kuuza huko hawezi tena kutegemea matokeo ya sungura.

Mwongozo huu unaeleza kwa kirefu njia ya konea ya ng'ombe, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, inayochukuliwa kichinjioni. Kwa kifupi huitwa BCOP, na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, liliipitisha mwaka 2009 kama Mwongozo namba 437. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayotufaa zaidi sisi watu wa Pwani: jicho linatoka kwa mnyama aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, na hakuna tishu hai ya kuagizwa ng'ambo ambayo inaweza kufa ikisubiri vibali uwanja wa ndege. Njia nyingine nitazitaja pale ambapo hii inafika ukingoni.

Hatua ya kwanza: kazi ya kalamu

Mtu asikimbilie kisu kabla ya kumaliza kazi ya kalamu. Andika viambato vyote vya bidhaa pamoja na asilimia ya kila kimoja, kisha tafuta katika karatasi ya usalama ya muuzaji kila kiambato kimewekwa kundi gani katika mfumo wa Umoja wa Mataifa uitwao GHS. Kundi la 1 ni la kemikali zinazoleta madhara makubwa ya jicho, yasiyopona kabisa ndani ya siku 21. Kundi la 2 ni la muwasho unaopona ndani ya muda huo. Zilizobaki hazina kundi. Kwa jumla, viambato vya Kundi la 1 vikifika asilimia 3 au zaidi ya mchanganyiko, mchanganyiko mzima huhesabiwa kuwa wa Kundi la 1, na vikiwa asilimia 1 au zaidi lakini chini ya 3, huingia Kundi la 2. Ipo kanuni kali zaidi kwa viambato vyenye asidi au alkali kali, ambavyo asilimia 1 tu hutosha kuipeleka bidhaa Kundi la 1.

Kisha pima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, kwa mita iliyosawazishwa kwa bafa (vimiminika vya pH inayojulikana) za 4, 7 na 10. Karatasi za rangi zinafaa kwa kukisia tu. Kemikali yenye pH ya 2 au chini yake, au 11.5 au zaidi, huchukuliwa kuwa ya Kundi la 1, isipokuwa kama imethibitishwa kwamba nguvu yake ya asidi au alkali ni ndogo kiasi cha kutoweza kudhuru. Wenye kutengeneza sabuni wanaifahamu kostiki soda, na wanajua kwamba kosa dogo la vipimo huacha alkali isiyoungana na mafuta. Ikiwa pH imeonyesha hivyo, kazi imekwisha: andika onyo kwenye kibandiko au rekebisha mchanganyiko, na usipoteze jicho la ng'ombe hata moja. Dawa ya choo yenye asidi kali haihitaji maabara ituthibitishie kwamba inapofusha.

Kinachobaki baada ya kalamu ni bidhaa za wasiwasi: sabuni za maji zenye ungarol (kiambato cha kutoa povu), shampuu, viyeyushi vya rangi ya mashua, manukato ya kupuliza. Hizi ndizo za kupelekwa maabara.

Hatua ya pili: kupata macho

Kazi yote hutegemea saa chache zilizo kati ya kichinjio na meza ya maabara, na ndiyo sababu nairefusha hatua hii kuliko watu wanavyotarajia. Zungumza mapema na mchinjaji, na mkaguzi wa nyama, na zaidi ya wote na yule anayenunua vichwa. Kwetu kichwa cha ng'ombe ni biashara ya supu, si taka, na mwenye kichwa akipokonywa jicho bila kulipwa, keshoye atakupa macho yaliyokwisha kubabuliwa motoni. Lipa bei ya haki, na mweleze sharti lako kuu: jicho litolewe kabla kichwa hakijababuliwa, na kichwa kisioshwe kwa sabuni, kwa kuwa povu likigusa konea litakuwa limefanya jaribio kabla yako.

Umri wa mnyama una maana. Kwa kawaida hutumiwa macho ya ng'ombe wa kati ya miezi 12 na 60. Ndama bado jicho lake linakua. Mzee konea yake ni pana na nene, na ile inayozidi upana wa milimita 30.5 mara nyingi hutoka kwa ng'ombe aliyepita miaka minane. Ng'ombe wengi wanaoletwa na wafugaji kutoka upande wa Tana River hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo mwombe mkaguzi akufunulie mdomo: meno ya mbele yaliyochakaa na kuachana ni ya mnyama mzee, nawe mwache apite. Chukua vilevile rula ya plastiki yenye milimita, upime upana wa konea papo hapo.

Macho yatumbukizwe mara moja katika maji ya chumvi ya Hanks yaliyotiwa penisilini na streptomaisini, yafunikwe kabisa, na chombo kiwe kipana ili yasigandamizane. Chombo hicho kikae ndani ya sanduku la barafu. Barafu ya wavuvi inapatikana Malindi kwa urahisi na inafaa, mradi maji yake yakiyeyuka, yenye chumvi na magamba ya samaki, yasiingie penye macho, na mradi jicho lenyewe lisigande. Vaa glavu na miwani ya kinga, kwa maana damu na tishu za ng'ombe zinaweza kubeba maradhi.

Macho yatumiwe siku ile ile yalipotolewa, na yote ya jaribio moja yawe ya siku moja. Hapo ndipo ndugu zetu wa Lamu wanapouliza kama wanaweza kuweka macho kwenye boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Malindi. Jibu langu ni hapana. Bidhaa ndiyo isafiri, ikiwa imefungwa vizuri na kuandikwa jina, jicho libaki lilipo.

Hatua ya tatu: kuchagua, kukata na kufunga konea

Kwa kemikali moja unahitaji konea zisizopungua tisa: tatu za kemikali, tatu za kinga hasi, yaani za kulinganishia, zinazotiwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au maji yaliyotoneshwa tu, na tatu za kinga chanya, yaani kemikali ambayo madhara yake yanajulikana. Kwa vimiminika kinga chanya ni ethanoli isiyochanganywa au dimethilifomamidi. Kwa yabisi ni imidazoli ya asilimia 20. Hata hivyo, lete macho mara mbili ya hesabu hiyo, kwani ng'ombe waliolishwa vichakani wana mikwaruzo ya miiba, na wengine wameugua macho utotoni wakabaki na kovu jeupe. Inua jicho dhidi ya mwanga wa dirisha, ligeuze polepole, uangalie kama mwanga unavunjika popote juu ya kioo. Mkwaruzo huonekana kama uzi mwembamba wa fedha. Kovu huonekana kama tone la maziwa. Mishipa ya damu iliyotambaa kutoka ukingoni haifichiki. Lenye mojawapo ya hayo litupwe bila kusita.

Kata konea ukiacha ukingo wa weupe wa jicho wa milimita 2 hadi 3 kuizunguka, maana ukingo huo ndio wa kushikia. Kibano kisiguse kioo chenyewe. Ondoa kwa upole lenzi na mboni za rangi zilizong'ang'ania nyuma, kisha ilaze konea katika kishikizi, kifaa chenye chumba cha mbele na cha nyuma kinachoibana konea katikati: iwe juu ya pete ya chumba cha nyuma, upande wa ndani ukitazama chini. Funika kwa chumba cha mbele, kaza skrubu, ujaze kimiminika cha lishe ya seli cha Eagle, kiitwacho kwa kifupi EMEM, kisicho na rangi ya fenoli nyekundu. Anza kujaza chumba cha nyuma, ndipo konea inapopinda na kurudi katika umbo lake. Ukianza cha mbele utaikunja. Povu moja la hewa lililobaki nyuma yake litaharibu usomaji, kwa hiyo inamisha kishikizi hadi litoke.

Vishikizi vyote vikae katika inkubeta ya nyuzi 32 za selsiasi, bila kupungua wala kuzidi kwa zaidi ya nyuzi moja, kwa muda usiopungua saa moja. Nyuzi 32 ni joto la konea ya ng'ombe aliye hai, na kwa bahati mbaya ni joto la Malindi mchana wa mwezi wa Machi pia. Inkubeta nyingi hupasha tu, hazipozi. Chumba kikiwa cha nyuzi 31, chombo hakina pa kushukia, na utakuta kimepanda hadi 34 bila kukuambia. Aidha ununue inkubeta yenye kipozaji, au ukiweke chumba chote kwenye kiyoyozi na utegemee jenereta umeme ukikatika. Kipimajoto cha pili, kilichowekwa kati ya vishikizi na si mlangoni, ni bima ya bei nafuu.

Saa moja ikiisha, badilisha kimiminika na usome ukungu wa kila konea kwa opasitomita, kifaa kinachopima kiasi cha mwanga unaopita. Inayozidi 7 kabla ya jaribio haifai. Tatu zilizo karibu na thamani ya kati ya zote ziende kwa kinga hasi. Nyingine zigawe kwa kura.

Hatua ya nne: kutia kemikali na kuosha

Ondoa kimiminika cha chumba cha mbele na utie mikrolita 750 za kemikali, zinazotosha kufunika konea yote. Kimiminika hutiwa bila kuchanganywa na maji, hukaa dakika 10, kisha huoshwa. Kiambato cha povu kilicho yabisi au kizito, kama ungarol ya dumu, huzimuliwa hadi asilimia 10 katika maji, lakini sabuni iliyokwisha kutengenezwa hujaribiwa kama itakavyouzwa. Unga usiotoa povu huchanganywa kwa asilimia 20 na kukaa juu ya konea saa 4 katika nyuzi 32. Bidhaa nzito isiyopita kwenye tundu la kishikizi hutiwa kwa kuondoa kioo cha chumba cha mbele cha kishikizi na kuipaka moja kwa moja kwa sirinji, na kinga zote za siku hiyo nazo zitiwe kwa njia hiyo hiyo.

Kuosha ndiko kunakotofautisha fundi na mwanafunzi. Tumia EMEM yenye fenoli nyekundu, mara tatu au zaidi, hadi wekundu wake usigeuke tena kuwa manjano, dalili ya asidi iliyobaki, au zambarau, dalili ya alkali. Maliza kwa EMEM isiyo na rangi. Sabuni hutoa povu linalong'ang'ania pembeni mwa chumba, na hilo lisipotoka litaendelea kuila konea wakati wewe unadhani muda umekwisha. Baada ya hapo, konea zilizotiwa vimiminika hurudi katika inkubeta saa 2 zaidi, ndipo ukungu husomwa mara ya pili. Zilizotiwa unga husomwa mara tu zinapooshwa. Angalia pia kwa macho, uandike kama kuna ngozi iliyobanduka, madoa, au ukungu wa upande mmoja.

Hatua ya tano: fluoresini

Ukungu peke yake hausemi yote. Tia mililita 1 ya fluoresini ya sodiamu, ambayo ni rangi, katika chumba cha mbele, miligramu 4 kwa mililita kwa vimiminika na 5 kwa yabisi, weka EMEM safi nyuma, ulaze kishikizi kwa dakika 90 katika nyuzi 32. Rangi itakayopenya hadi chumba cha nyuma husomwa kwa spektrofotomita katika urefu wa mawimbi wa nanomita 490. Konea nzima huizuia. Iliyoharibiwa tabaka lake la juu huipitisha. Bidhaa zenye rangi kali, kama hina na piko, ziwe na konea ya ziada isiyotiwa fluoresini ili ujue ni rangi ya nani unayoisoma.

Hatua ya sita: hesabu na hukumu

Toa thamani za kinga hasi kutoka kwa kila konea, tafuta wastani wa ukungu na wastani wa upenyaji, kisha jumlisha ukungu na mara 15 ya upenyaji. Jumla hiyo huitwa IVIS. Tuseme sabuni ya maji imetoa ukungu wa 3.0, 4.5 na 4.5, wastani 4.0, na upenyaji wa 1.10, 1.30 na 1.20, wastani 1.20. Mara 15 ya 1.20 ni 18, na ukiongeza 4 unapata 22. Angalia kwamba aliyepima ukungu tu angeiona sabuni hii kama maji. Madhara yake karibu yote yako katika kupenya, na hiyo ndiyo tabia ya kemikali za povu.

IVIS isiyozidi 3 maana yake haihitaji kundi. Inayozidi 55 ni Kundi la 1. Iliyo katikati, kama 22 yetu, haina hukumu kwa kipimo hiki peke yake, na hapa wengi hujidanganya kwa kuandika kwamba bidhaa inawasha kidogo. Kipimo hakikusema hivyo, kimenyamaza. Kumbuka pia kwamba alkoholi na ketoni huonekana kali kuliko zilivyo, na baadhi ya yabisi huonekana pole kuliko zilivyo. Ikiwa konea mbili kati ya tatu zinapingana na wastani, rudia. Ikiwa kinga chanya imetoka nje ya kawaida yake, yaani zaidi ya mara mbili ya mkengeuko sanifu kutoka wastani wa majaribio yako yaliyotangulia, jaribio lote la siku hiyo litupwe, hata kama matokeo ya bidhaa yanakupendeza.

Penye ukimya, ongeza shahidi wa pili

Kwa bidhaa unayodhani ni pole, shahidi bora ni tishu ya seli za binadamu iliyokuzwa mfano wa tabaka la juu la konea, njia iliyo katika Mwongozo namba 492 wa mwaka 2015. Kwa tishu iitwayo EpiOcular, kimiminika hukaa dakika 30, na seli zinazobaki hai zikizidi asilimia 60 bidhaa haihitaji kundi. Tishu hizo ni ghali na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo ni afadhali kupeleka sampuli kwa maabara inayozitumia kila wiki kuliko kuziagiza hapa.

Shahidi wa karibu zaidi ni yai. Katika njia ya HET-CAM, mayai yenye mbegu ya gramu 50 hadi 60 huwekwa kwenye kiangulio. Siku ya 9 ganda hukatwa juu ya mfuko wa hewa, utando wa ndani hulowanishwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na kutolewa kwa kibano, na mililita 0.3 za bidhaa hutiwa juu ya utando wenye mishipa ya damu. Kwa sekunde 300 mtu mmoja hutazama na mwingine hushika saa, wakiandika sekunde ambayo damu ilianza kuvuja, mishipa ilipoyeyuka, na utando ulipoganda. Kwa kila tukio, 301 toa sekunde hizo, gawanya kwa 300, zidisha kwa 5, 7 au 9 kwa mfuatano huo, kisha jumlisha. Juu kabisa ni 21. Chini ya 1 huchukuliwa kuwa haiwashi, na 9 au zaidi ni kali. Kifaranga huchukua siku 21 kuanguliwa, na kiinitete cha siku 9 hakijafikia theluthi ya mwisho ya ukuaji, ile ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya huilinda kwa vijusi vya mamalia. Wapo wasioridhika na hoja hiyo, nami siwalaumu. HET-CAM haina mwongozo wa OECD, hivyo itumie kulinganisha mapishi yako mwenyewe, ipi kati ya shampuu mbili ni pole zaidi, si kuandika kundi kwenye kibandiko.

Daftari na taka

Kabla ya kupima bidhaa ya mtu yeyote, jaribu kwanza kemikali za kujipima umahiri zilizoorodheshwa katika Mwongozo wa 437, na kwa ng'ombe wetu wenye nundu hili ni la lazima zaidi. Kila siku ya kazi iandikwe: saa ya kuchinjwa, saa macho yalipofika, joto la sanduku na la inkubeta, namba ya kila konea na sababu ya kila iliyotupwa. Chora matokeo ya kinga chanya kwenye grafu moja inayoendelea, ukutani, mahali ambapo kila mfanyakazi anaiona. Maabara isiyo na cheti cha utendaji bora haiwezi kumpa mteja hati ya kupeleka bidhaa nje ya nchi, na aambiwe hivyo kabla hajalipa. Inachoweza kumpa ni matokeo ya mchujo, ya kumwonyesha kama arekebishe mapishi au aendelee.

Mabaki ya macho yachomwe kwenye tanuri la taka za kitabibu au la kichinjio, yasizikwe ufukweni wala kutupiwa paka. Kemikali zilizobaki zirudishwe kwa aliyezileta, na vishikizi vioshwe kwa maji ya moto bila sabuni, visuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa, vikaushwe kabla ya macho ya kesho.